Bauma, Hukumtaja Koko

Burungu, mchana

Bauma mwanangu,

Mvua imenipa nafasi. Umeenda kuaga watoto wa kwa Mama Sifa, na najua hutarudi mpaka ikatike, kwa hiyo ninaandika yale ambayo siwezi kukuambia ukiwa umekaa mbele yangu. Mambo ya viatu, sabuni na karatasi za masomo Mama Furaha amekwambia mara tatu tangu asubuhi, mimi siyarudii. Na motari atakayekubeba kesho kwenye pikipiki yake ni mtu mzima, anajua njia ya Walikale mpaka Itebero, kwa bibi yetu Koko, kuliko ninavyojua njia ya kisima.

Watu wakinisikia nikikuita mwanangu hucheka. Nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na moja, hesabu haikubali. Lakini mama alipokufa, juma la pili baada ya kukuzaa, Koko alikufunga mgongoni mwangu na kitenge cha mama, akapiga mafundo mawili kwa sababu mgongo wenyewe ulikuwa mdogo, akasema, "Neema, huyu njo mutoto wako. Miye niko na shamba." Nilikuwa na miaka minane. Nilikwenda na wewe mpaka kalasa. Mwalimu alikuwa anasema Kifaransa, wewe ulikuwa unalia kwa lugha yako, na mimi nikajifunza zote mbili pamoja.

Jana ulikuwa nyuma ya nyumba unafunga mbuzi. Ulifikiri niko kisimani. Ulikuwa unajifundisha maneno. "Koko, unisamehe. Miye njo nilikutaja. Haikuwa miye, ilikuwa ile kitu." Ukarudia, ukabadilisha kidogo: "Koko, unisamehe sana." Mara ya tatu sauti yako ikakatika.

Nilikuwa nimesimama hapo na bidon ya maji kichwani. Nilipaswa kuja kukuambia pale pale. Nikangoja umalize, nikapita mlango wa mbele kama mgeni. Unanijua. Mtu akiniuliza jina langu mbele ya watu watatu, ninalisahau. Kwa hiyo ninaandika neno lenyewe hapa juu, ulisome hata kama sehemu ya chini ya karatasi italoa njiani: Bauma, hukumtaja Koko. Hukumtaja mtu yeyote. Aliyemtaja ni mimi.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tumerudi Burungu baada ya kukimbia vita mara ya pili, nawe ukaanza kutembea ndani ya usingizi. Unafungua mlango, unasimama katikati ya maharagi ya Koko, unasema maneno yasiyoeleweka. Koko alikuwa anatoka, anakushika mkono, anakurudisha. Alisema mtoto aliyelala kwenye majani akisikiliza risasi, usingizi wake lazima upotee njia, utarudi wenyewe. Maelezo hayo yangenitosha. Ila wakati ule nilikuwa nimeanza kwenda kwenye chumba kimoja cha maombi, na nitakuambia kwa nini: waliimba vizuri, na walinipa kazi. Kiongozi wao, tuliyekuwa tunamwita Papa Nabii, aliona mwandiko wangu akasema, "Huyu binti anajua Kifaransa na Kiswahili. Awe sekretere." Mimi ambaye hakuna aliyekuwa ananiona nikapewa meza, kaye ya kuandikia yenye mistari, na kalamu mbili.

Siku moja wakasema kila mmoja alete shida ya nyumbani kwake. Zamu ikanifikia. Sikuwa na la kusema, na niliogopa kunyamaza mbele yao, nikasema, "Mdogo wangu anatembea usiku." Maneno manne. Miaka yote aibu yangu imenifunga mdomo mahali pa kusema, na siku ile moja ambayo ningeihitaji, ikaniacha.

Desturi ya chumba kile ilikuwa hii: pepo hafukuzwi kabla ya kuhojiwa. Anaulizwa ameingia kupitia nani, na sekretere anaandika jibu kwenye kaye. Mtoto ananyimwa chakula ili pepo achoke, aseme. Walikuweka mle siku tatu. Siku ya kwanza hukusema kitu. Ya pili uliomba maji. Ya tatu Papa Nabii akaweka mkono juu ya kichwa chako, akaanza kutaja watu wa nyumba yetu, mmoja mmoja.

"Iko baba yako?" Ukanyamaza.

"Iko dada yako, huyu hapa?" Ukaniangalia. Niliogopa, Bauma. Niliogopa mtoto wangu. Ukanyamaza.

"Iko Koko?"

Ukalia.

Ni hilo tu lililotokea. Mtoto aliyekaa siku tatu bila kula akisikia jina la yule anayempikia, afanye nini? Papa Nabii akageuka: "Sekretere, andika." Nikauliza kwa sauti ambayo nadhani hata kalamu haikuisikia, "Niandike nini, Papa?" Akasema, "Andika: pepo amekubali." Nikaandika. Kwa mwandiko mzuri. Nikaweka na nukta.

Jioni ile habari ikamfikia Koko. Alikuja na jembe begani, udongo mpaka magotini, akasimama mlangoni. Hakubishana na mtu. Akasema, "Sawa, njo miye. Sasa mupatie mutoto chakula." Chumba kizima kikapiga kelele za ushindi. Wewe ukapewa bugali na sombe ya majani ya muhogo, ukatapika, ukala tena. Kabla juma halijaisha Koko alifunga vitu vyake akaenda Itebero kwa kaka yake, na hakuna aliyemzuia, maana alikuwa amekubali kwa mdomo wake. Na mimi, kwa mwaka mzima, nilisadiki. Nilikuwa nasoma mwandiko wangu mwenyewe na kuusadiki kana kwamba umeandikwa na mtu anayejua.

Nawe ukakua ukijichunga. Sikukuambia kamwe kwamba ninaona, lakini naona. Mtoto wa jirani akizaliwa, unasimama mbali. Mwaka jana Mama Sifa alitaka umshikie mtoto akifunga mzigo wake, ukaficha mikono nyuma. "Eh Bauma, huyu hana meno, atakuuma na nini?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka, na sikusema kitu.

Aliyenitoa hapo hakujua kama ananitoa. Unamjua Mama Furaha kama katekista mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kilima kingine. Mwaka huu walimpeleka kwenye mafundisho ya makatekista, akarudi na furushi la fotokopi, zote Kifaransa, juu ya namna Wakristo wa miaka ya kwanza kabisa walivyofundisha habari za Shetani na mapepo. Akaja kwangu. "Neema, Kifaransa yangu iko ya kusalimia tu. Weye soma, unitafsirie. Miye nitachambua mbegu." Basi mchana mwingi ulipokuwa masomoni, tulikaa kwenye mkeka, yeye na ungo wa maharagi, mimi na karatasi.

Nilitegemea vitisho. Nilikuwa nimezoea chumba ambamo jina la Shetani lilitajwa kuliko la Yesu. Lakini wale watu wa zamani, Bauma, waliowindwa, waliotupwa kwa wanyama, ambao kila pembe ya mji wao ilikuwa na madhabahu yenye moshi na damu, nao wakiamini kwamba moshi ule ndio chakula cha mapepo, wale watu wanamwandika Shetani kama unavyosema juu ya mbwa mkali wa jirani aliyefungwa kwa kamba fupi. Yuko, anauma, usimsogelee kwa mchezo. Lakini kamba ameishika mwingine.

Wanasema hakuumbwa mbaya. Alikuwa malaika mzuri, akaanguka kwa kutaka kwake mwenyewe. Hakuna mungu wa pili wa giza anayeshindana na Mungu.

"Rudia apo," Mama Furaha akasema. Nikarudia. "Kwa hiyo ubaya hauna muumba wake?"

"Hauna, Mama. Ni kitu kizuri kilichooza."

Akachagua haragi moja lililotobolewa na mdudu, akaliinua kwenye mwanga. "Kama hii. Nayo ilikuwa haragi." Akalitupa kwa kuku.

Siku nyingine tulisoma juu ya watu waliokwenda kuishi peke yao jangwani. Mapepo yakawajia kwa makelele, kwa sura za simba na nyoka, makundi kwa makundi. Na wale watu wakafundishana kwamba kelele ile ndiyo alama ya unyonge: mwenye nguvu haji na kundi, angekuja mmoja akamaliza. Mama Furaha alicheka mpaka akamwaga ungo. "Wameweza! Wameweza kabisa! Sawa walevi wa soko, wanakuja kumi juu ya kutisha mwanamuke moya!" Tukaokota maharagi nusu saa.

Na juu ya utabiri: wanasema mapepo hayajui ya kesho, ila yana mbio. Ni kama motari anayeona lori likipakia Kitchanga, anakimbia mbele, anafika Mweso anawaambia watu, "Mimi naona, lori linakuja." Watu wanashangaa, wanampa heshima. Mfano huo ni wangu, lakini maana ni yao. Wanasema pia hayaoni moyoni mwa mtu. Yanasoma uso, yanakisia. Na hata yakisema kweli, Mkristo haruhusiwi kuyasikiliza, maana Yesu mwenyewe aliyafunga midomo hata yalipomwita kwa jina lake la kweli. Mwongo haitwi shahidi.

Hapo nikaiweka karatasi chini. Chumba chetu kizima kilisimama juu ya ushahidi wa mwongo. Hata kama kweli ungekuwa na pepo, Bauma, hata kama kweli angesema, neno lake lisingefaa kumfukuza kuku uani, seuze Koko.

"Endelea," akasema Mama Furaha.

Nikaendelea. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba aliyefunga chakula zamani alikuwa yule anayeombea. Waombaji walikuwa watu wa kawaida, bila maneno ya kujipamba, bila kupiga kelele. Na mahali pamoja wale walioitwa wenye mapepo walipewa kazi ya kufagia nyumba ya Mungu, na chakula chao cha kila siku waliletewa na wale wale waliokuwa wanawaombea.

Waliwalisha.

Sikuweza kutafsiri. Nilisoma mstari ule kwa Kifaransa mara mbili, Kiswahili hakikutoka. Mama Furaha akaniangalia. "Wanasema nini?" Nikamwambia kile walichosema, kisha nikamwambia cha kwetu, chote, kaye, nukta, yote. Nilitegemea anikumbatie. Aliendelea kuchambua mbegu. Mwishowe akasema, "Basi uliandika na mukono. Utasahihisha na mudomo."

"Mama, miye siwezi kusema mbele ya watu."

"Najua. Njo maana Shetani alikupenda kuwa sekretere."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona amenipa heshima, kwa sababu hakunidanganya.

Pasaka hii, unakumbuka, alituweka uani alfajiri na wale watu wazima wa kubatizwa, pekupeku kwenye umande. Hilo pia lilitoka kwenye fotokopi zetu. Wale wa kwanza waligeukia upande jua linapozama, wakanyoosha mkono kana kwamba Shetani amesimama pale, wakamwambia usoni: ninakukataa. Halafu wakamgeuzia mgongo, wakatazama jua linakotoka. Mama Furaha akatugeuza kuelekea msitu. Papa mmoja kati yao akauliza, "Kule si Walikale? Ndiyo kusema Shetani anaishi Walikale?" Naye akajibu, "Mukwe wangu iko Walikale. Usinipatie shida." Ulicheka sana wewe. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine: neno moja tu ndilo walilomwambia. Hawakumuuliza jina, hawakumuuliza ameingia kupitia nani, hawakumwekea sekretere. Nadhani sijaona ushujaa uliotulia namna hiyo. Kumkataa mtu na kutotaka hata kusikia atajibu nini.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, ulipouliza kwa nini nimechelewa, nilikuwa nimerudi kwenye chumba kile. Papa Nabii alishahamia mji mwingine, lakini watu ni wale wale. Wakati wa ushuhuda nikasimama.

"Sekretere amepata sauti!" mmoja akasema.

"Tangu lini bubu anahubiri?"

Nikasema: "Bauma hakusema kitu. Alilia. Neno 'amekubali' niliandika mimi."

"Lakini Koko alikubali mwenyewe!" mama mmoja akapiga kelele. "Tulisikia wote!"

"Mulisikia sentensi yake ya kwanza," nikasema. "Ya pili alisema nini?"

Walikuwa wanaikumbuka, niliona kwenye nyuso zao. Mzee mmoja akachukua kofia yake akatoka. Yule mama akakaa chini polepole. Mwingine akaniambia nina pepo la kiburi, akauliza limeingia kupitia nani, na mimi, Bauma, nikacheka. Mbele ya watu. Kisha nikatoka nje nikatapika nyuma ya nyumba ya watu, kwa sababu ushujaa wangu unaishia hapo.

Sikuambii Shetani hayuko. Alikuwa mle ndani siku ile ya tatu, ninasadiki hivyo, ila sote tulikuwa tunamtafuta mahali pabaya. Tulimtafuta ndani ya mtoto mwenye njaa, naye alikuwa ametulia juu ya meza yangu, kwenye kile kitu kilichonipendeza: kwamba mwishowe kuna watu wanaonihitaji. Wale walimu wa zamani wangemkuta upesi. Mimi imenichukua miaka minne. Ukifika kule ukasikia watu wanasema kwa sauti kubwa juu ya mapepo, usibishane nao, wewe ni mtoto. Angalia tu kama aliyelala chini amepewa chakula.

Na ndani yako hakuna kitu kilicholala kikingoja kuamka. Usingizi wako ulirudi wenyewe ulipofika miaka nane, kama Koko alivyosema. Ningekuja nawe nikuambie njia nzima, lakini mtihani wa serikali uko juma lijalo, na hapa masomo yamefungwa mara tatu mwaka huu. Koko amekuita, kule kuna shule iliyo wazi, ni haki yako kwenda.

Imebaki moja, nayo ndiyo ngumu kuliko Jumapili.

Juzi nilipanda kilima mpaka pale simu inaposhika, nikampigia mjomba wa Itebero, yule kaka yake Koko, akampa Koko simu. Sauti yake haijazeeka. Nilimwambia haraka, kabla sijajiogopa: "Koko, ile maneno ya kaye njo miye niliandika. Bauma hakukutaja. Alilia tu."

Nikafikiri mtandao umekatika. "Koko?"

"Niko." Kisha akasema, "Nilijua hakusema. Mutoto mwenye kusema hawezi kuwa na macho ile." Akakohoa. "Siku zile, weye ulikuwa unafunga pamoja naye?"

Unajua kwa nini Koko hakuja siku ya kwanza, wala ya pili? Kwa sababu kila jioni nilirudi nyumbani, akaniuliza uko wapi, nikasema umelala kwa Mama Sifa unacheza na watoto. Akanipakulia. Nikala. Hilo sikumwambia hata Mama Furaha.

"Hapana, Koko," nikasema. "Nilikuwa ninakula. Chakula yako."

Nilimsikia mjomba nyuma akisema betri inaisha.

"Vizuri," Koko akasema. "Basi mumoja alikula. Huyo mwingine umutume naye akule, nimalize kazi."

Neema, aliyekubeba